Shajara ya mradi: saa 17 za betri, na kazi ya kuzihifadhi zisife

Siku ya 1

Leo nimelishusha lile boksi la saa lililokaa juu ya kabati karibu miaka sita, nikatandika taulo jeupe mezani nikazipanga zote nikahesabu, 17. Zote ni za kwatsi, yani za betri, hakuna hata moja ya kujaza. Kumi na mbili za mishale, tatu za dijitali, mbili za sola. Nyingine nilinunua mwenyewe, nyingine nilipewa, na moja ni ya marehemu baba, aliivaa kila siku hadi mwisho, na hiyo ndiyo imenifanya nianze huu mradi maana nilipoishika nikaona imesimama na ukingoni mwa mfuniko wa nyuma kuna kitu kama chumvi.

Saba zimesimama kabisa ikiwemo moja ya sola. Mbili zinatembea ila mshale wa sekunde unatulia halafu unaruka sekunde mbili kwa mpigo, na watu wengi wanadhani hapo saa imeharibika, kumbe ni mashine yenyewe imeshaona volti inashuka inakuomba betri mpya. Hizo mbili zilikuwa zinaomba na hakuna aliyekuwa anaziangalia.

Nikafungua ya baba. Mfuniko ulinasa kidogo halafu ukaachia, na ndani nikakuta betri imevimba, ukingo wake umetoa ute uliokauka ukawa unga mweupe, na mahali ulipogusa shaba umekuwa wa kijani kama sarafu ya zamani. Upande wa ndani wa mfuniko kuna maandishi madogo sana yaliyokwaruzwa kwa ncha ya chuma, 11/95, chini yake 3/98. Ni fundi saa wake, kila akibadilisha betri alikuwa anaandika mwezi na mwaka. Nimekaa nayo muda mrefu hiyo mistari miwili.

Siku zote nilidhani tatizo la kuhifadhi saa hizi ni betri kuisha. Betri ikiisha si unaweka nyingine. Kinachoua saa ni betri iliyoisha ikasahaulika ndani, na hapo ndipo nataka mradi huu uanzie.

Siku ya 2

Nimetoa betri kwenye zote zilizosimama, isipokuwa ya sola hiyo nitaishughulikia peke yake, na zile mbili zinazoruka nazo nimezitoa. Mbili zimevuja, ya baba na nyingine ndogo ya kike.

Kilichomo ndani ya hizi betri ni potasiamu haidroksaidi au sodiamu haidroksaidi, zote ni alkali kali, ikitoka nje ikakutana na hewa inageuka ule unga mweupe. Kwa vile ni alkali, dawa yake ni asidi nyepesi, nimetumia siki. Siki kwenye pamba ya masikio, halafu unaikamua mpaka inabaki unyevu tu, maana tone likiteleza likaingia kwenye gia umejitafutia kazi nyingine. Napaka, nasubiri, nakwangua taratibu na kijiti cha meno cha mbao, napaka tena. Mwisho nafuta na alikoholi safi ya isopropili ili siki nayo isibaki inakula chuma. Glavu na miwani ya macho muhimu, ule unga ukiingia jichoni ni balaa.

Ile ndogo imenichukua saa nzima na imepona. Uchafu ulikuwa kwenye kibati kinachogusa betri tu, nilipomaliza kikawa kinang'aa, nikaweka betri mpya mshale ukaruka palepale.

Ya baba imeshindikana kwa leo. Maji ya betri yametambaa hadi kwenye koili. Hiyo koili ni waya wa shaba mwembamba kuliko unywele umezungushwa maelfu ya mara, ndiyo inayofanya rota, kile kisumaku kidogo kinachosukuma gia, izunguke. Nimepima koili za saa nyingine zilizo nzima nikapata kati ya omu 1,100 na 2,000, hii mita haisomi kitu, waya umekatika. Kwenye lensi naona kabisa palipokatika, pale mwisho waya unapoungwa kwenye sakiti, kuna doa jeusi lenye ukijani. Nimeifunika kwenye kibati chake, sitaki kuigusa nikiwa na haraka.

Siku ya 5

Leo kazi ya kusoma namba. Betri nyingi za saa za mishale zimeandikwa SR na mwisho SW, na zile za bei rahisi zimeandikwa LR au AG. SR ni silva oksaidi, LR ni alkalaini. Tarakimu za katikati ni kipimo, mfano 626 ni upana wa milimita 6.8 na unene wa milimita 2.6, na SR626SW ndiyo hiyohiyo 377 kwenye pakiti nyingine. Ukishajua hilo huhangaiki tena kwenye majina.

Zinaingia sehemu moja bila shida yoyote, LR626 inakaa palepale pa SR626, saa inatembea, na ndio maana watu wanabambikiwa. Ila tofauti ni kubwa. Silva oksaidi inatoa volti 1.55 na inaishikilia hapohapo karibu maisha yake yote, halafu mwishoni inaanguka ghafla. Alkalaini inaanza na 1.5 na inashuka polepole kila siku, uwezo wake ni mdogo kuliko wa silva ya saizi ileile, na inavuja mapema zaidi. Kati ya betri nilizotoa tatu zilikuwa LR, na iliyoharibu saa ya baba ni mojawapo. Lakini iliyovuja kwenye ile ya kike ilikuwa SR, nzuri tu, ya kampuni inayoheshimika, ila ilikuwa imekufa siku nyingi. Kwaiyo silva inakupa muda zaidi, haikupi ruhusa ya kusahau.

Kingine nilichojifunza kwa kukosea, usishike betri mpya kwa vidole vitupu wala kwa kibano cha chuma. Kibano cha chuma kikigusa juu na ukingo kwa pamoja umeishoti, na mafuta ya vidole yakibaki pale kwenye mpira mweusi unaotenganisha chanya na hasi yanatengeneza njia ya umeme kupita kidogo kidogo. Sa hivi natumia kibano cha plastiki na kila betri naifuta kwa kitambaa kikavu kabla haijaingia.

Wiki ya 2

Hii wiki ndiyo imenifurahisha kuliko zote, nimepima kila saa inakula umeme kiasi gani.

Ukichukua mita ya kawaida ukaiunga moja kwa moja hupati kitu cha maana, kwa sababu saa ya mishale haili umeme kwa mfululizo. Fuwele ya kwatsi inatetemeka mara 32,768 kwa sekunde, sakiti inagawanya kwa mbili mara kumi na tano mpaka inabaki pigo moja kwa sekunde, na pigo hilo la milisekunde chache linaenda kwenye koili rota inageuka nusu mzunguko. Kati ya pigo na pigo saa inakula kidogo sana, pigo likija inakula nyingi, mita inabaki kuruka ruka. (Hiyo mota ya kugeuka nusu nusu ni ya Mfaransa Marius Lavet, ya miaka ya 1930, kabla hata saa ya mkono ya kwatsi haijaotwa ndotoni. Ya kwanza kuuzwa ilitoka Japani Desemba 1969, Seiko Astron.)

Nilivyofanya ni hivi. Betri ya silva nje ya saa, rezista (kizuizi cha umeme) ya omu 1,000 katikati, na kapasita kubwa (inahifadhi umeme kwa muda) imeungwa sambamba na saa ili imeze yale mapigo. Halafu napima volti kwenye rezista, kila milivolti moja ni maikroampia moja, yani sehemu moja ya milioni ya ampia. Angalizo, kapasita yenyewe inavujisha umeme, ya kwangu siku ya kwanza ilikuwa inakula kuliko saa, nikaiacha imeungwa usiku kucha ikatulia, nikapima inachovujisha yenyewe ndio nikawa natoa kwenye kila jibu.

Saa ya mishale mitatu ya kawaida: maikroampia 1.3 ikitembea. Ukivuta nobu ya pembeni, ile ya kurekebishia muda, mpaka mwisho, inashuka hadi 0.4. Haifiki sifuri kwa sababu fuwele inaendelea kutetemeka na sakiti iko macho, kilichokatwa ni mapigo ya mota tu. Hesabu yake ni rahisi, mwaka una masaa 8,760, ukizidisha na 1.3 unapata kama maikroampia-saa 11,400, yani karibu miliampia-saa 11 na nusu, na betri ya 377 ina kama 26, ndiyo hiyo miaka miwili na kidogo tunayoizoea. Nobu ikiwa nje inakula kama 3 na nusu kwa mwaka, kwenye karatasi ni miaka saba.

Kwenye karatasi. Maana saa mbili zimenishangaza, nimevuta nobu, mishale imesimama, na mkondo haujashuka hata kidogo. Nimerudia mara tatu nikidhani nimekosea kuunga. Nilipofungua nikaona kuna kile kimkono kinachokuja kubana gia mishale isitembee, lakini hakuna kinachogusa sakiti, kwaiyo koili inaendelea kupigwa umeme kila sekunde na rota imebanwa. Ushauri wa "vuta nobu uokoe betri" unatolewa kila mahali kama sheria, na kwenye hizi mbili ulikuwa hauokoi chochote. Bila kupima usingejua kabisa.

Na moja ilikuwa inakula 3.1 ikitembea vizuri tu bila kuchelewa. Mashine nyingi za kisasa zinatuma pigo dogo kwanza, zikihisi rota haijageuka zinatuma kubwa. Kwaiyo saa yenye mafuta yaliyoganda au vumbi kwenye meno haisimami, inasukuma kwa nguvu kimyakimya na kumaliza betri kabla ya mwaka kuisha, halafu mwenye saa anailaumu betri. Nimeitenganisha, nimeosha gia, nimeweka mafuta mapya ncha ya sindano kila sehemu, imeshuka mpaka 1.2. Hakuna namna ya kuhifadhi itakayoizidi hiyo kazi moja ya usafi.

Wiki ya 3

Joto na unyevu. Wengi wanasema weka betri kwenye friji. Mimi nimekataa. Silva oksaidi ikikaa kwenye joto la kawaida la ndani inapoteza yenyewe asilimia chache tu kwa mwaka, unachookoa kwa ubaridi ni kidogo mno, na ukiitoa inatoka jasho, yale matone yanakaa kwenye ukingo palepale inapovujia. Saa nzima kwenye friji ndio kabisa, mvuke unaingia unaganda chini ya kioo.

Joto ndilo adui hasa. Betri ikikaa kwenye dashibodi ya gari au dirisha linalopigwa jua inajimaliza yenyewe na mpira wake unalegea. Baridi haiiharibu saa, inaichelewesha tu, maana hizi fuwele zimepangwa zifanye vizuri karibu na nyuzi 25, ukipanda au ukishuka kutoka hapo zote zinachelewa, kwenye baridi ya nyuzi 5 ni kama sekunde moja na kidogo kwa siku. Ndio maana saa ya betri inakwenda vizuri zaidi mkononi kuliko kwenye droo.

Nimehamisha boksi kutoka juu ya kabati, pale joto lote la chumba linapanda, nikaliweka droo ya katikati. Nimenunua kipima unyevu kidogo, kilisoma 71, nikaweka vifuko vya silika jeli vya zile punje zinazobadilika rangi, baada ya siku tatu kikasoma 48 na kimebaki hapo. Mikanda ya ngozi nimeitoa yote nimeihifadhi kando, ngozi inashika unyevu na kuota ukungu.

Halafu sumaku. Saa moja niliyokuwa naijaribu ilisimama mezani nikahangaika nayo, kumbe nimeilaza juu ya kava la tableti lenye sumaku. Nilipoiondoa ikaendelea. Ile ya mishale haiharibiki kwa hilo, mota inashindwa kugeuka kwa muda tu, lakini ikiachwa pale inaendelea kutuma mapigo makubwa betri inaisha bure. Droo sasa haina spika wala kava karibu.

Wiki ya 5

Za sola. Hizi ni kinyume cha nyingine, gizani ndiko zinakofia. Ndani kuna betri ndogo ya kuchaji, na ikikaa tupu kwa miaka uwezo wake wa kushika chaji unapungua. Iliyosimama nimeiweka karibu na dirisha, pembeni ya jua na si katikati, maana kioo cha dirisha na jua la mchana vinaichemsha. Siku ya kwanza ikawa inarukaruka, siku ya nne ikatulia, sasa ni wiki mbili inakwenda na inashika usiku mzima. Imepona, nimefurahi sana maana nilishaanza kutafuta betri yake.

Na kama ingebidi kubadilisha, ni ile ya kuchaji ya aina yake tu. Ukiweka betri ya kawaida kwenye saa ya sola sakiti itaichaji, na betri ya kawaida ikichajiwa inaweza kuvuja au kupasuka humo ndani.

Hizi mbili hazirudi kwenye droo. Zinakaa kwenye rafu yenye mwanga.

Wiki ya 6

Dijitali ni fupi. Hazina mota, kioo chake kinakula kidogo sana, kinachokula ni taa na mlio. Nimezima mlio wa kila saa na alamu kwenye zote tatu. Mojawapo ni Casio F-91W, inatumia betri ya lithiamu CR2016 ya volti 3 na mtengenezaji anaipa miaka saba, hiyo naiacha itembee tu na tarehe ya betri nimeiandika. Jambo moja la kukumbuka, ukibadilisha betri kwenye hizi angalia kuna neno AC kwenye mashine, unagusisha pale na upande wa chanya wa betri kwa sekunde chache na kibano cha chuma, hapa chuma ndio kinatakiwa, bila hivyo kioo kinaweza kubaki kitupu ukadhani umeiua.

Ile ya mishale yenye stopuwochi, hakikisha stopuwochi haitembei kabla hujaiweka. Niliikuta inatembea, sijui tangu lini.

Mwezi wa 3

Mpangilio umekamilika, nauandika ili niufuate. Katika 12 za mishale nne nazivaa kwa zamu, zinatembea muda wote. Tatu zinakaa nobu ikiwa nje, ni zile ambazo kipimo kimenionyesha mkondo unashuka kweli na nitazihitaji ndani ya miezi kadhaa. Nne zimetolewa betri kabisa, zikiwemo zile mbili zisizookoa kitu. Ya baba iko peke yake inasubiri koili.

Kila moja kifuko chake, na kwenye kifuko kipande cha selotepu ya karatasi: aina ya betri, tarehe iliyoingia au kutoka, mkondo niliopima. Tarehe ya kuingia betri ndiyo muhimu kuliko yote. Ikifika miaka miwili inatoka hata kama saa bado inatembea.

Betri zilizotolewa zikiwa bado nzima nimezipima, na hapa mita inadanganya watu. Silva iliyobakiza robo na mpya kabisa zote zitakusomea 1.55. Lazima uipe mzigo, mimi naweka rezista ya omu 1,000 kwa sekunde tano naangalia, mpya inashuka kidogo tu, iliyochoka inaporomoka hadi 1.3. Zilizoporomoka nimezifunga selotepu pande zote mbili zikaenda kwenye chombo cha kukusanyia betri chakavu. Nzima kila moja kwenye pakiti yake, zisigusane.

Na zote ziko kwenye mkebe wenye kufuli. Nasema hili kwa uzito kabisa, betri ya kidonge ikimezwa na mtoto ikakwama kooni inaunguza nyama ndani ya masaa machache, hasa zile pana za lithiamu. Ukihisi mtoto amemeza ni hospitali muda uleule, usisubiri kuona dalili.

Mwezi wa 7

Habari mbaya moja. Kati ya zile tatu za nobu nje, moja nimeikuta ina ukungu mwembamba chini ya kioo, na nilipoichomoa nobu kuna doa la kutu kwenye kijiti chake. Punje za silika jeli zilikuwa zimebadilika rangi zote, zimeshiba, na nilipita miezi miwili bila kuziangalia. Nobu ikiwa nje ule mpira mdogo wa kuzuia maji hauko mahali pake, njia iko wazi, na mpira wa saa hii ulikuwa umekauka hata ungekuwa mahali pake usingeziba.

Nimefungua, nimekausha siku mbili ndani ya mkebe wenye silika jeli mpya, kutu nimeitoa kwa kijiti cha mbao na mafuta kidogo, mashine iko salama. Nimebadilisha mpira wa nobu na wa mfuniko, nimepaka grisi ya silikoni kidogo sana. Mipira ya saa nyingine zote nimeikagua jioni ileile, minne ilikuwa imepasuka au imekuwa bapa, nimeibadilisha.

Uamuzi: nobu nje ni kwa wiki au miezi michache tu. Zaidi ya hapo betri inatoka na nobu inarudi ndani. Na silika jeli inaangaliwa kila tarehe 1, zikishiba nazikausha ovenini moto mdogo.

Mwezi wa 12

Leo nimezirudishia betri zile nne zilizokaa bila betri miezi tisa. Tatu zimeondoka palepale, unaweka tu na mshale unaruka, raha sana kuona. Ya nne kimya. Koili nzima, betri nzima, ila mshale unatikisika mahali pamoja kama unataka kupanda ngazi unashindwa. Nimevuta nobu nikazungusha mishale mbele mizunguko kama kumi na mbili kwa taratibu, nikairudisha, ikaanza. Mkondo ulisoma 4, siku ya pili 2.2, siku ya tatu 1.4 ikatulia hapo. Mafuta yalikuwa yamekaza na yamelegea kwa kutembea.

Kwaiyo wale wanaosema saa ya betri iachwe itembee ili mafuta yasigande wana hoja, na wanaosema toa betri nao wana hoja. Mimi nimechukua zote mbili, betri nje, lakini kila miezi sita kila saa inapata betri ya majaribio na inatembea siku tatu, halafu betri inatoka tena. Betri moja ya majaribio inazunguka kwenye saa zote nne, siku kumi na mbili kwa zamu, haipungui cha kuonekana.

Mwezi wa 18

Boksi zima liko salama. Hakuna betri iliyokufa iliyobaki ndani ya saa yoyote tangu siku ya 2. Mbili nimezibadilishia betri kabla hazijaanza kuruka kwa sababu tarehe kwenye kifuko ilifika, na zilipotoka zilikuwa kavu na safi ukingoni.

Na ya baba. Nimetafuta mwaka mzima mashine yenye namba ileile, nikapata saa iliyovunjika kioo na mfuniko lakini koili yake inasoma omu 1,600. Kazi ilikuwa skrubu mbili na pumzi ya kubana. Koili ya zamani imetoka, mpya imekaa, nimefuta kila sehemu kwa alikoholi mara ya mwisho, betri ya silva kwa kibano cha plastiki. Sekunde moja hakuna kitu. Halafu mshale ukaondoka.

Nimeipima, 1.3. Kabla sijafunga mfuniko nimechukua sindano nikaandika chini ya 3/98 mwezi na mwaka wa leo, kwa herufi ndogo kama za fundi yule. Hii haiendi kwenye droo, nimeivaa naandika nayo sasa.